Chuo cha Mlimani: Amana ya Nani, na Ni Nani Aliyeifanyia Hiana?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitimiza miaka 50 mwaka 2011, kikatimiza 60 mwaka 2021, na mara zote mbili historia yake ikaletwa mezani. Historia hiyo ya sherehe tunaifahamu sote. Inaanza na wanafunzi 14 wa sheria mwaka 1961, inapanda Mlimani mwaka 1964, inafika mwaka 1970 ambapo chuo kilisimama peke yake, na kutoka hapo inageuka kuwa orodha ya vitivo, majengo, makamu wakuu wa chuo na wahitimu waliopata vyeo. Hatusemi kuwa ni uongo. Wanafunzi walikuwa 14 kweli, na majengo yapo, kila mwenye macho anayaona. Tunachosema ni kwamba shahidi anayetoa nusu ya ushahidi, hata kama kila neno alilotamka ni la kweli, amekwisha kuipotosha mahakama.

Nusu iliyoachwa ndiyo yenye jibu la swali ambalo wakubwa hawapendi kuulizwa: chuo kile ni cha nani? Ukiwauliza watakujibu upesi kuwa ni cha umma. Naam, ni cha umma. Lakini tangu lini "umma" ukawa na maana ya serikali iliyopo madarakani, na tangu lini mwenye kutunzia watu mali yao akawa na haki ya kuwafukuza mlangoni wanaomuuliza hesabu?

Tuanze na jengo lenyewe. Tarehe 25 Oktoba 1961, zikiwa zimebaki wiki sita na siku chache bendera ya Mwingereza ishushwe, masomo ya chuo kikuu yalifunguliwa Tanganyika kwa mara ya kwanza. Hayakufunguliwa katika kasri la gavana wala katika shule yoyote ya serikali. Yalifunguliwa katika jengo la TANU, kwenye mtaa unaobeba jina la Patrice Lumumba, jirani kabisa na Mnazi Mmoja na Kariakoo. Wapangaji wa elimu wa kikoloni hawakuwa na haraka hiyo. Kwa hesabu zao Makerere ilikuwapo, Nairobi ilikuwa inafuata, na zamu ya Tanganyika ingekuja baadaye, miaka kadhaa mbele. Waliokataa kungoja ni viongozi wa TANU, na walipoambiwa hakuna mahali pa kuanzia, walitoa nyumba yao.

Je, nyumba yao au nyumba ya nani? Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kusimama kidogo. TANU ya wakati ule haikuwa chama cha matajiri. Ilikuwa inaishi kwa kadi, kwa ada na kwa michango. Makuli wa bandarini, madereva, wachuuzi wa sokoni, wakulima wa pamba na kahawa, na wale kina mama wa vikundi vya lelemama ambao Bibi Titi Mohamed aliwaendea kikundi kwa kikundi kuanzia mwaka 1955, ndio waliokiweka chama hicho juu ya miguu yake. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Wapo waliotia dole gumba kwenye kadi kwa kuwa hawakujua kuandika majina yao. Watu hao ndio waliokuwa wenyeji wa wanafunzi 14 wa sheria. Asiyejua kusoma alimpisha chumba chake anayekwenda kusoma. Kama hilo halina maana katika historia ya chuo, basi hatujui ni lipi lenye maana.

Na kwa nini sheria? Kwa sababu Makerere haikuwa na kitivo cha sheria, wala Nairobi, na Mwafrika aliyetaka kuwa wakili ilimbidi avuke bahari. Mwalimu Nyerere baadaye alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza, baada ya zaidi ya miaka 40 ya kuitawala nchi hii, waliiacha ikiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Nchi ingepata uhuru Desemba, na kuanzia siku hiyo ingehitaji watu wa kutunga sheria zake, kuhukumu katika mahakama zake na kusoma mikataba kabla ya kuitia saini. Kati ya wale 14 alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Wanafunzi wengine wa mwanzo walitoka nchi jirani, kwa kuwa mlango haukufungwa kwa jirani.

Insafu inatulazimisha kusema pia kwamba mlango wa mbele ulikuwa wa TANU lakini mtihani ulikuwa wa London. Chuo kilianza kikiwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, mtu wa Kanada. Ilipofika mwaka 1965 ndipo Wilbert Chagula, Mtanzania, alipoishika nafasi hiyo. Tarehe 28 Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, Nyerere akiwa mkuu wake. Muungano huo uliishi miaka saba tu. Kila nchi ilitaka kitivo chake cha uhandisi, kila nchi ilitaka madaktari wake, na mwaka 1970 watatu hao wakaachana. Hayo yana kisa chake kirefu na si ya leo.

Mwaka 1964 chuo kilihama Mtaa wa Lumumba kikaenda Mlimani, umbali wa kilomita zipatazo 13 kutoka katikati ya mji wa wakati ule. Fedha za kujengea zilitoka kwa kiasi kikubwa kwa wafadhili wa nje, Uingereza na Marekani wakiwamo, na michoro ya majengo ya mwanzo ilitoka kwa wasanifu wa Kiingereza. Yalijengwa majengo mazuri mno. Ukumbi wa Nkrumah uliwahi hata kuchapwa katika noti yetu ya shilingi 500. Hatuna ugomvi na uzuri wa majengo. Lakini tazama kilichotokea: katika miaka mitatu tu, mwanafunzi aliyekuwa anatoka darasani na kukutana uso kwa uso na mchukuzi wa Kariakoo, sasa yuko juu ya kilima, ana chumba chake, anapikiwa, anafuliwa mashuka, na mchukuzi yule hamuoni tena. Wenye nyumba wamebaki bondeni.

Ndipo tunapofika mwaka 1966.

Serikali ilitunga sheria ya kuwataka wahitimu wa elimu ya juu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliobaki kazini, kila mtu katika fani yake, kwa sehemu tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, na miongoni mwa mabango waliyobeba lilikuwamo moja lililosema kwamba afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawajibu kwa hasira ambayo wote waliokuwapo hawakuisahau. Alisema mishahara ya wakubwa ni mikubwa kupita kiasi, na akaanza na wa kwake. Aliukata kwa asilimia 20 papo hapo. Wanafunzi wale, zaidi ya 300, wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Baadaye wengi wao waliruhusiwa kurudi.

Sisi hatutawatetea wanafunzi wa mwaka 1966. Walikuwa wamekosea, na kosa lao lilikuwa kubwa. Kijana aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima asiye na viatu, anapoambiwa amtumikie mkulima huyo kwa miaka miwili akajibu kwamba mkoloni alikuwa bora, huyo ameifanyia hiana amana aliyokabidhiwa. Na kiongozi aliyeanza kukata mshahara wake kabla ya kugusa wa wenziwe alitenda jambo ambalo tangu hapo tumelisikia likisifiwa mara nyingi na kuigwa mara chache. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na masharti ya uongozi yakaandikwa: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika makampuni. Waandishi wengi wameuona mwaka 1966 kuwa ni mmoja wa wazazi wa Azimio hilo, nasi tunakubaliana nao.

Lakini tafadhali, msomaji, ishike kanuni iliyotumika siku ile, kwa sababu tutaihitaji mbele. Kanuni ilisema: elimu hii ni mali ya maskini, mwenye kupewa ana deni kwa maskini, na anayejipendelea juu ya mgongo wa maskini hastahili kukaa mahali pale. Kanuni nzuri. Swali ni moja tu: je, ilikuwa ni kanuni ya wanafunzi peke yao?

Kilichofuata chuoni kati ya mwaka 1967 na 1970 ndicho kipindi ambacho watu wa nje wanakikumbuka zaidi. Machi 1967 ulifanyika mkutano wa kujadili wajibu wa chuo katika nchi inayofuata ujamaa, na kutokana na mjadala huo yakazaliwa masomo ya pamoja ya jamii na maendeleo ambayo kila mwanafunzi alipaswa kuyasoma, awe wa sheria au wa kemia. Walter Rodney alifundisha historia pale kwa vipindi viwili, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa bado Mlimani. Wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika waliunda chama chao cha kimapinduzi, Yoweri Museveni wa Uganda akiwa kiongozi wake. Walikwenda vijijini, walisoma usiku, walibishana, walikwenda kuona maeneo yaliyokombolewa na wapiganaji wa Msumbiji, na wakatoa jarida waliloliita Cheche.

Hawa, bila shaka, si wale wa 1966. Hawa waliisoma kanuni ile wakaiamini. Wakaanza kuuliza: ikiwa njia kuu za uchumi zimetaifishwa, ni nani hasa anayezishika? Mwaka 1970 Issa Shivji, akiwa kijana, aliandika katika Cheche makala marefu juu ya matabaka nchini, akionesha kuwa mashirika ya umma yaliendelea kufungwa na mikataba ya makampuni ya nje na kwamba tabaka jipya la wenye vyeo lilikuwa linaota. Alitumia takwimu na majina ya makampuni. Hakutukana mtu. Mwaka ule ule chama cha wanafunzi kikapigwa marufuku, na Cheche ikafuata. Walioamrishwa wawe wajamaa walionekana wamezidi kuwa wajamaa.

Julai 1970 chuo kilikuwa kimekwisha kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sheria ya Bunge. Rais alikuwa ndiye Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, ambaye alitoka moja kwa moja katika nafasi ya Katibu Mtendaji Mkuu wa TANU. Hatumsemi vibaya mzee huyo kwa nafsi yake. Tunasema kuhusu mpangilio. Mwaka 1961 chama kilitoa nyumba kwa chuo. Mwaka 1970 chama kilikwenda kukaa ndani ya nyumba ya chuo. Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo, ingawa katika hotuba yanapita kama ni jambo moja.

Februari 1971 ukatoka Mwongozo wa TANU, ambao ulikataza kwa maneno ya wazi kiongozi kuwa na majivuno, kiburi na dharau kwa anaowaongoza. Miezi mitano baadaye rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi akilalamikia uendeshaji wa chuo. Jibu alilopata halikuwa barua. Askari wa kutuliza ghasia walipanda Mlimani wakamchukua, na akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wenziwe waligoma, na hata baadhi ya walimu wakasimama nao. Kijana alisoma maandishi ya chama tawala, akayachukulia kuwa yana maana kama yalivyoandikwa, na hilo likawa kosa lake.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 tunalipita kwa haraka. Liliagiza kwamba asiingie mtu chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, bali apite kwanza jeshini na kazini, na apendekezwe na anaofanya nao kazi. Nia yake ilifanana na ya jengo la Lumumba: msomi atoke miongoni mwa watu. Utekelezaji wake uliwapa wakubwa wa ofisini na wa chama ufunguo wa mlango wa chuo, na idadi ya wanafunzi wa kike ikaporomoka hata ikabidi waondolewe sharti hilo baada ya muda mfupi.

Sasa tufike mwaka 1978, mwaka ambao katika historia ya sherehe hauna kiti.

Bunge lilikuwa limeidhinisha nyongeza za marupurupu kwa wabunge, mawaziri na viongozi wengine. Wananchi walikuwa wametoka tu katika miaka ya njaa na ya kuhamishwa vijijini, na bei zilikuwa zinapanda. Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, waliteremka kilimani kuandamana. Hawakuwa wanadai posho zao. Hawakuwa wanakataa jeshi. Jeshini walikuwa wamekwisha kupita. Walikuwa wanasema kwamba viongozi wa nchi maskini wasijiongezee mafao. Yaani walikuwa wanasema neno kwa neno lile ambalo Mkuu wa Chuo aliwaambia watangulizi wao mwaka 1966 pale Ikulu.

Walipokewaje? Polisi waliwazuia njiani, wakapigwa, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa chuo.

Soma tena, ndugu msomaji. Mwaka 1966 wanafunzi waliteremka mjini kutetea maslahi yao dhidi ya maskini, wakafukuzwa zaidi ya 300. Mwaka 1978 wanafunzi waliteremka mjini kuwatetea maskini dhidi ya maslahi ya wakubwa, wakafukuzwa zaidi ya 300. Adhabu ni ile ile, na aliyeitoa ni yule yule. Ikiwa kosa la 1966 lilikuwa ni kujipendelea, la 1978 lilikuwa ni lipi? Hatuoni jibu jingine isipokuwa hili: katika miaka yote miwili kosa lilikuwa ni kuteremka.

Watatuambia, na wamekwisha kutuambia, kwamba wanafunzi wa 1978 walitumiwa na watu wenye ajenda zao. Hoja hiyo ni kongwe. Kila mwenye kuulizwa hesabu hudai kwamba muulizaji ametumwa. Hata kama wametumwa, je, nyongeza haikuwapo? Watatuambia tena kwamba maandamano hayakuwa na kibali. Na ya mwaka 1966 yalikuwa na kibali cha nani? Wapo pia watakaosema kwamba tunamchafua Mwalimu. Hapana. Sisi ndio tuliosema hapo juu kwamba alikata mshahara wake mwenyewe, na tulisema kwa heshima. Heshima hiyo hiyo ndiyo inayotupa haki ya kuuliza kwa nini aliyeukata wa kwake kwa asilimia 20 aliwafukuza waliomwomba awazuie wenziwe wasijiongezee. Kumheshimu mtu si kumfungia hesabu zake kabatini.

Hoja ya mwisho tuliyoisikia, nayo husemwa na watu wema, ni kwamba hayo yamepita na hayana kazi leo. Tunawauliza: deni nalo limepita? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi walianza kuambiwa wachangie gharama. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, na bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2016 makato yakapandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu. Lile deni ambalo mwaka 1966 lilikuwa la msomi kwa mkulima limegeuzwa kuwa deni la kijana kwa bodi, lenye namba ya kumbukumbu na hati ya madai. Mkulima ametolewa kabisa katika hesabu. Mtoto wake akifaulu anakopeshwa kilichokuwa chake, akimaliza anadaiwa, na anayemdai ni yule yule aliyekuwa mtunza amana. Haya yasingewezekana kusemwa kwa uso mkavu mbele ya watu wanaokumbuka nyumba ilikuwa ya nani.

Kwa hiyo madai yetu kwa wanaoandika historia ya chuo hicho, na wapo wasomi waaminifu miongoni mwao, ni machache. Waandike kuhusu wenye kadi za TANU waliowapisha wanafunzi chumba, kama wanavyoandika kuhusu wafadhili waliotoa fedha za Mlimani. Waeleze kwa nini Cheche ilizimwa, wasiishie kujivunia kwamba Rodney aliwahi kufundisha pale. Barua ya Akivaga iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisoma. Na ule mwaka 1978 uandikwe katika ukurasa ule ule wa mwaka 1966, ubavu kwa ubavu, kwa herufi za ukubwa mmoja, na pembeni yake pasiwe na maelezo yoyote ya mkubwa.